Kufika Same si Kufika Upareni

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi huandamana na Milima ya Pare kwa saa kadhaa, ikiwa upande wake wa kulia. Hupita Hedaru, hupita Makanya, kisha basi huingia Same. Hapo hushika simu na kusema, "Nimefika." Kisarufi, sentensi hiyo imekamilika. Kwa mwenyeji wa Mbaga, Suji au Chome, bado. Ataulizwa mara moja: "Unapanda leo?"

Swali hilo lina sababu. Reli iliyotoka Tanga na kufika Moshi mwaka 1911 ilifuata tambarare. Barabara kuu nayo ilifuata tambarare. Same ni mji wa njia hizo, nao umekaa upande usiopata mvua nyingi. Upareni penye migomba, mifereji na ukungu ni huko juu, kuelekea kilele cha Shengena chenye takriban mita 2,460. Magari mengi ya milimani hushuka alfajiri na kupanda mchana. Afikaye Same jioni na atafute pa kulala, au apatane na mwenye bodaboda akijua kwamba giza la kwenye kona si la kufanyiwa mzaha.

Katika miji iliyo karibu na milima ya Alps, watu hupandishwa kwa mitambo ili washuke wakiteleza juu ya theluji, kwa burudani. Pare haina theluji. Utelezi wetu ni wa udongo mwekundu wakati wa masika, wala hakuna autafutaye.

Wapenzi wa lugha watakumbuka jinsi tulivyofundisha vitenzi vyenye maana zaidi ya moja, na "panda" kikawa mfano wetu wa kila mwaka. Upareni maana hizo hukutana katika siku moja: mtu hupanda gari, gari hupanda mlima, na huko Mamba Miamba mkulima hupanda tangawizi. Mvua ikiharibu njia, nauli nayo hupanda. Hapo ndipo "shuka" hujibu: mnunuzi hukata gharama ya usafiri katika bei ya gunia, na bei ya mkulima hushuka kabla gunia lenyewe halijashuka.

Lakini funzo kubwa zaidi nililipata katika kauli za vitenzi. Niliwaomba wanafunzi watunge sentensi kwa kitenzi "shuka" katika kauli ya kutendeshwa. Wa tambarare waliandika kuhusu mizigo iliyoshushwa kutoka kwenye lori. Msichana mmoja wa milimani aliandika: "Bibi alishushwa usiku." Sikuhitaji maelezo. Mzima hushuka, mgonjwa hushushwa, juu ya machela, mabegani mwa majirani, akitafuta gari mahali ambapo gari huweza kufika. Kiambishi kimoja kilikuwa kimebeba kijiji kizima.

Kwa hiyo, tunaposoma kwamba huduma fulani "imefika Same", tuulize kama mwenyeji aulizavyo. Same ni jina la mji, na ni jina la wilaya yenye milima ndani yake. Iliyofika stendi imefika mjini. Upareni hufikiwa kwa kupanda, na barabara inayopitika masika ndiyo itakayomwezesha bibi kushuka badala ya kushushwa.