Kukaa Istanbul Penye Hofu ya Zilzala

Atokaye pwani yetu akafika Istanbul huuona kwanza uzuri wake: minara ya misikiti, vyombo vipitavyo Bosphorus na masoko yenye watu tele. Akisha kukaa miezi michache hujua jambo jingine, ambalo wenyeji hawaachi kulifikiri. Chini ya bahari ya Marmara, kusini ya mji, umepita ufa mkubwa wa ardhi uitwao ufa wa Anatolia ya Kaskazini.

Tarehe 17 Agosti, 1999, saa tisa za usiku, ufa huo ulitikisika upande wa Izmit, mashariki ya Istanbul. Kwa muda usiotimia dakika moja majumba yaliwaangukia watu waliolala, wakafa zaidi ya 17,000. Tarehe 6 Februari, 2023, kabla ya alfajiri, ulitokea msiba mkubwa zaidi kusini ya Uturuki. Katika nchi hiyo peke yake walikufa zaidi ya 50,000.

Sisi tulipokwenda kukaa huko na kijana wetu mwanafunzi, shida yetu ya kwanza ilikuwa nyumba. Ya zamani ilikuwa rahisi, tena karibu na chuo. Mpya ilikuwa ghali na mbali. Mwenye nyumba ya zamani alituambia, "Mwalimu, ajali haina kinga." Ni kweli; lakini majirani walitueleza kwamba katika majumba yaliyoanguka mwaka 1999 kulionekana zege iliyochanganywa na mchanga wa pwani wenye makombe. Hiyo si ajali, ni khiyana ya mjenzi. Tukachagua ya mbali.

Hata nyumba za ibada zina funzo hilo. Msikiti wa Fatih ulibomoka katika zilzala ya mwaka 1766, ukajengwa upya. Msikiti wa Süleymaniye, uliokamilishwa mwaka 1557 na fundi Sinan, ungali umesimama.

Usiku wa kwanza kila gari zito lililopita lilituamsha. Kisha tukafanya kama wafanyavyo wenyeji: kabati tukalikaza ukutani, mkoba wenye maji, tochi, filimbi na hati tukauweka mlangoni, tukaagana mahali pa kukutana. Hofu haikwisha, ila usingizi ulirudi.

Tarehe 23 Aprili, 2025, mji ulitikiswa kwa nguvu ya 6.2. Watu zaidi ya 150 waliumia, wengi wao kwa kuruka kutoka juu kwa fazaa. Kijana wetu aliingia chini ya meza, akakishika kichwa chake, akatulia mpaka ardhi ikatulia. Ndipo akatoka.

Basi enyi wazazi, mnapompeleka mtoto ugenini msiulize karo tu. Ulizeni na nyumba atakayolala. Wala tusidhani kwamba jambo hili ni la wengine, kwani Bukoba ilitetemeka mwaka 2016. Kumtegemea Mwenyezi Mungu hakumzuii mtu kukaza kabati lake. Mola awahifadhi watoto wetu popote walipo. Amin.