Dikembe Mutombo, Aliyekwenda Kusomea Udaktari

Katika shule yetu mtu akiwa mrefu hana raha. Tangu siku ya kwanza ya kuingia Kidato cha Kwanza huitwa kiwanjani, na akisema hajui kushika mpira huambiwa kuwa urefu wake unapotea bure. Mimi si mrefu, kwa hiyo naandika haya bila kujisifu wala kujitetea. Nataka kueleza habari za Dikembe Mutombo, ambaye jina lake hutajwa karibu kila jioni katika kiwanja chetu cha mpira wa kikapu, nami naona ya kuwa wengi wanaolitaja wanajua kidole chake tu.

Kwa ajili ya wazee wetu waliosoma hapa kabla ya mchezo huo kuingia, yafaa nieleze kidole hicho. Mutombo alikuwa na kimo cha mita 2 na sentimita 18. Kazi yake uwanjani ilikuwa kusimama karibu na kikapu cha timu yake na kuupangua mpira wa wapinzani kabla haujaingia. Alipoupangua, aliinua kidole cha shahada akakitikisa huku na huku mbele ya uso wa mwenziwe, kama mama anayemkataza mtoto kudokoa nyama jikoni. Watazamaji walifurahi mno. Wakuu wa ligi hawakufurahi. Wakatoa amri kwamba asimtikisie mchezaji kidole, ama sivyo atahesabiwa kosa. Yeye akageuka akawatikisia watazamaji. Basi vijana wetu nao hutikisa kidole, hata wale ambao hawajapangua mpira maishani mwao.

Mutombo alizaliwa tarehe 25 Juni, 1966, mjini Kinshasa, mji mkuu wa jirani zetu wa Kongo. Kwa kabila alikuwa Mluba. Baba yake, Samuel Mutombo, alikuwa mtu wa shule, mwalimu na msimamizi wa elimu. Mama yake aliitwa Biamba Marie. Kijana alipelekwa Chuo cha Boboto, shule ya Mapadre Wajesuiti, kwa kuwa masomo ya huko yalikuwa magumu zaidi na yeye alikusudia kuwa daktari. Alicheza kandanda kama sisi sote. Mpira wa kikapu aliuanza kwa bidii alipokuwa na miaka 16 hivi, kwa kuhimizwa na baba yake na ndugu yake, nao walimhimiza kwa sababu ile ile inayowafanya warefu wa hapa kwetu wakose raha.

Mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 21, alisafiri kwenda Marekani. Hapa namwomba msomaji asome polepole. Msaada wa masomo aliopewa ulitoka USAID, shirika la serikali ya Marekani lililoshughulikia misaada ya maendeleo, nao ulikuwa wa masomo. Sisemi kwamba urefu wake haukuonekana na mtu. Kimo kile kitafichwa wapi? Lakini alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington, ambacho nacho kilianzishwa na Wajesuiti, ili asomee udaktari kisha arudi kwao kutibu watu. Kifaransa alikijua, na lugha za kwao alizijua, lakini Kiingereza hakukijua. Mwaka ule wa kwanza hakuichezea timu ya chuo. Alikaa darasani akifundishwa Kiingereza. Mtu mzima wa miaka 21, mrefu kupita mlango, akijifunza kusema mambo ambayo watoto wa Washington huyasema wakiwa na miaka mitatu.

Kocha wa Georgetown alikuwa John Thompson, naye pia mtu wa zaidi ya mita mbili, aliyekuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kuiongoza timu kutwaa ubingwa mkubwa wa vyuo vikuu vya nchi yake, mwaka 1984. Huyu bwana aliweka ofisini mwake mpira uliotolewa upepo. Mchezaji akiingia auone na kukumbuka ya kuwa mpira ni ngozi na upepo tu, na upepo hutoka. Laiti na sisi tungekuwa na mpira kama huo mahali fulani, ijapokuwa kwa hali ya mipira yetu nadhani tunayo tayari mingi.

Msimu wake wa kwanza, 1988 hadi 1989, Mutombo alichezeshwa dakika 11 hivi tu katika kila mchezo wa dakika 40. Hata hivyo katika mchezo mmoja na timu ya St. John's alipangua mipira 12. Alicheza pamoja na Alonzo Mourning, ambaye naye alikuwa mpanguaji hodari, na wapinzani walipata taabu kubwa kuliona lile tundu la kikapu. Kufika msimu wake wa tatu na wa mwisho alikuwa akipata pointi 15 na kudaka mipira 12 inayorudi kutoka ubaoni, kwa wastani, katika kila mchezo.

Huku nyuma udaktari ulikwisha kupotea. Masomo ya kujitayarisha kwa udaktari yana saa zake za maabara, na timu ina saa zake za mazoezi na safari zake, na saa hizo ziligongana. Akabadili masomo. Alihitimu mwaka 1991 kwa shahada ya isimu na diplomasia, naye alipokuwa mwanafunzi alipata kufanya kazi ya kujifunza katika ofisi ya mbunge wa Marekani na katika Benki ya Dunia. Baadaye ilijulikana kuwa anasema lugha tisa. Lakini daktari hakuwa.

Mwaka huo huo timu za ligi kubwa ya Marekani, NBA, zilipochagua vijana kwa zamu, alichaguliwa wa nne, na timu ya Denver Nuggets. Habari ya Denver ninayoipenda kuliko zote ni ya mwaka 1994. Timu nane za upande wa magharibi huingia katika mashindano ya mwisho wa msimu, na ya kwanza hukutana na ya nane. Ya kwanza ilikuwa Seattle SuperSonics, iliyoshinda michezo 63. Ya nane ilikuwa Denver, iliyoshinda 42. Mshindi alikuwa yule wa kwanza kushinda michezo mitatu. Seattle wakashinda miwili ya mwanzo kwao nyumbani. Nani asingedhani kuwa mambo yamekwisha? Denver wakashinda miwili kwao, na mchezo wa tano ukarudi Seattle tarehe 7 Mei. Ukafika dakika za nyongeza. Denver wakashinda kwa 98 na 94. Mpira wa mwisho ulidakwa na Mutombo, naye akaanguka chali sakafuni, ameushika mpira kwa mikono yote miwili juu ya uso wake, anacheka kama mtoto. Katika michezo ile mitano alipangua mipira 31. Haijapata kutokea kabla ya hapo timu ya nane kuitoa ya kwanza. Nimeitazama picha ya Mutombo pale sakafuni mara nyingi, na kidole hakimo.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Toka 1996 alicheza Atlanta. Mwaka 2001 alihamishiwa Philadelphia, akafika fainali na kushindwa na Los Angeles Lakers, ambako kazi yake ilikuwa kumzuia Shaquille O'Neal, na O'Neal hakuzuilika. Kisha New Jersey, ambako alifika fainali tena mwaka 2003 na kushindwa tena. Kisha New York. Kisha Houston, hata mwezi wa Aprili 2009 alipoumia goti katika mchezo na Portland, akiwa na miaka 42, akaacha. Misimu 18. Mara nne, yaani 1995, 1997, 1998 na 2001, alichaguliwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Alipangua mipira 3,289, na katika hesabu za ligi hiyo aliyempita ni Hakeem Olajuwon wa Nigeria peke yake. Lakini pointi zake kwa wastani hazikufika 10 katika mchezo, na ubingwa hakuupata kamwe. Nayasema haya kwa ajili ya wenzangu ambao wote hutaka kufunga. Mtu huyu aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo mwaka 2015 kwa kazi ya kuwanyima wengine.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, siku za machafuko mjini Kinshasa, mama yake aliugua ghafla nyumbani, wala haikuwezekana kumfikisha hospitali kwa wakati. Akafa. Mwanawe alikuwa Marekani, mwenye fedha za kutosha kununua gari la wagonjwa, na hata magari mia, na hazikumfaa mama kitu. Mutombo akaazimia kujenga hospitali. Ilifunguliwa mwaka 2007, pembezoni mwa Kinshasa, yenye nafasi ya vitanda 300, nayo inaitwa kwa jina la Biamba Marie Mutombo. Iligharimu dola milioni 29, na milioni 15 alizitoa yeye mwenyewe.

Muhula uliopita, katika chama chetu cha mdahalo, msemaji mmoja alisimama akasema: mnaona, aliuacha udaktari akashika mpira, na mpira ukamrudishia udaktari mara mia. Akapigiwa makofi sana. Mimi sikupiga. Hospitali ni kuta na vitanda mpaka aingie mtu aliyekaa maabara zile saa ambazo Mutombo hakuzikaa. Kama vijana wote warefu na wafupi wa Kinshasa wangefanya kama yeye, nani angeshika sindano? Kwa upande mwingine, haifai kujidanganya. Angerudi Zaire na shahada ya udaktari katika miaka ya tisini, angekuta watumishi wa serikali wanakaa miezi mingi bila mshahara na hospitali hazina dawa. Labda angetibu watu wachache kwa mikono mitupu, labda angeondoka tena kama wengi walivyoondoka. Nimeipima hesabu hii mara nyingi usiku, kwa kuwa mwaka huu nami nachagua masomo ya kuendelea nayo, na kila mara mizani inainamia upande tofauti.

Lililo wazi kwangu ni jambo dogo zaidi. Mwaka juzi alikuja hapa mtu aliyejiita wakala wa timu za ng'ambo. Aliwapima wenzetu wawili kwa kuwasimamisha ukutani, akawaambia wazee wao watafute fedha za pasi na nauli. Mzee mmoja aliuza ng'ombe. Wakala hakuonekana tena wala simu yake haikupokelewa, na mwenzetu, ambaye alikuwa ameacha masomo muhula mzima akingoja safari, sasa anarudia darasa pamoja na wadogo zake. Jina la Mutombo ndilo lililotumiwa kuwashawishi. Lakini Mutombo alipopanda ndege alikuwa amemaliza sekondari, na kule alikokwenda alikuwa na kiti darasani kilicholipiwa. Mpira ungetoka upepo wiki ya kwanza, kiti kingekuwapo.

Watu wa kwao hakuwasahau hata kabla ya hospitali. Mwaka 1996 timu ya wanawake ya Zaire ilipofika Atlanta kwa michezo ya Olimpiki, yeye ndiye aliyewalipia sare na gharama zao. Mwaka 2021 alifungua shule Mbuji-Mayi, katika Kasai, akaipa jina la baba yake. Alifariki Atlanta tarehe 30 Septemba, 2024, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 58.

Nimesoma juu ya hospitali ile katika vitabu na magazeti, lakini sijapata kuonana na mtu aliyelala humo au aliyefanya kazi humo. Najua kuwa baadhi ya wanafunzi wa zamani wa shule hii wanafanya biashara Kongo, na wengine ni waganga na wauguzi. Ikiwa yuko mmoja aliyefika Kinshasa akaingia mlango ule, ningemwomba sana amwandikie Mhariri atueleze madaktari wa humo walisoma wapi, ni wangapi, na kama wanalipwa.