Herufi Nilizoziita za Kiafrika

Niliharibu jalada la kitabu cha mtu. Kilikuwa kitabu cha ngano za pwani ya Tanga, zilizokusanywa kwa miaka mingi na mwalimu mstaafu, nami nikapewa kazi ya kusanifu jalada. Nilichagua fonti ya Neuland. Nikamwambia na mchapishaji kwamba herufi hizi zina sura ya Kiafrika, naye akaniamini.

Imani hiyo niliiokota njiani. Herufi zile nene, zenye kingo kama za ubao uliochongwa, nilikuwa nimezizoea kwenye vipeperushi vya safari na matangazo ya mbuga za wanyama, na jicho likizoea kukiona kitu mahali pamoja, hukiri kwamba ni cha hapo. Sikuuliza aliyezichonga ni nani.

Majalada yalikuwa yameshachapwa mwalimu alipoletewa moja. Alilitazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, herufi hizi wanaandika watu wa wapi? Mimi sijaziona ubaoni, wala kwenye kanga, wala kwenye jahazi."

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikaketi kutafuta. Alizichonga Rudolf Koch, Mjerumani wa kiwanda cha herufi cha Klingspor, mjini Offenbach, na zikatoka mwaka 1923. Alichonga moja kwa moja kwenye chuma bila kuzichora kwanza, ndiyo maana herufi za saizi moja hazifanani sawasawa na za saizi nyingine. Ni kazi ya fundi hodari, na naipenda mpaka leo. Lakini haikutoka Afrika. Hata jina la filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993, inayohusu dinosaria, liliandikwa kwa herufi za ukoo huohuo. Nilipoliona hilo ndipo nilipoelewa. Ngano za watu wa pwani, walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya kuja hizi za Kilatini, mimi nilikuwa nimezibandika alama ya porini.

Kulikuwa na kosa la pili. Neuland ya Koch haina herufi ndogo. Inafaa bango, jina la duka, maneno mawili matatu yanayosomwa kwa mbali. Mimi niliipangia aya nzima nyuma ya jalada, ikawa ukuta mweusi usiosomeka.

Majalada yale yalitupwa. Nililipa nusu ya gharama ya kuchapa upya, kitabu kikachelewa kufika madukani, na mchapishaji yule hajanipa kazi nyingine. Jalada la pili liliandikwa kwa mkono na fundi wa Tanga anayeandika majina ya vyombo vya baharini. Mwalimu alilikubali.

Msanifu mwenzangu, fonti ikikujia na sifa ya kabila au bara fulani, tafuta kwanza ilichongwa wapi na kwa kazi gani. Kisha mwoneshe mwenye kitabu kabla mashine haijawashwa.