Ukingo wa Meza ya Jikoni

Ziko kazi ambazo watu huzidharau kwa udogo wake, hata siku zinapowaaibisha. Moja yao ni kupunguza ukingo wa fomaika katika meza ya jikoni.

Fomaika hufanywa kwa karatasi nyingi zilizoloweshwa utomvu wa kiwandani, zikashindiliwa pamoja kwa moto na nguvu nyingi. Ilivumbuliwa Marekani mwaka 1912 na Herbert Faber na Daniel O'Conor, nayo hapo kwanza haikuwa ya meza, bali ya kukinga umeme. Ni ngumu, wala maji hayaipenyi; lakini ukingoni humeguka upesi.

Fundi wetu alikwisha kubandika utepe wa ukingoni, nao ulizidi ubao kwa milimita 2 au 3. Akatuambia, "Mwalimu, usiuguse mpaka nirudi kutoka kula." Alipokwisha kwenda, sisi tukatwaa tupa yake, tukasugua kwenda na kurudi kama mtu anoaye jembe. Mara kikabanduka kipande kama ukucha. Tukapajaza nta, tukanyamaza.

Fundi aliporudi, tulimtazama. Aliilaza tupa mshazari, akaisukuma kutoka nje kuelekea kati ya meza, kisha akaiinua kabla ya kuirudisha. Kwani kila msukumo hukandamiza utepe juu ya gundi, na kila mvuto hutaka kuung'oa. Alipofika penye nta alisita kidogo, akaendelea.

Haikupita miezi mingi, maji yakaingia pale pale, ubao ukavimba kama mkate uliotiwa katika chai. Mama watoto akamlaumu fundi mbele ya jirani, nasi tukanyamaza mara ya pili. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Lakini yetu tuliirefusha kwa kunyamaza.

Fundi akaja, akaondoa ubao ulioharibika, akaweka mwingine, wala hakutaka ujira. Hapo hatukuweza kuvumilia tena. Tukamwita mama watoto na jirani yule, tukaeleza yote.

Fundi akasema, "Nalijua, Mwalimu. Nta si gundi. Nalikungoja useme."

Tukamlipa ujira wake wote, na bei ya ubao. Tangu siku ile, mtoto avunjaye kitu darasani akanyamaza, hatufanyi haraka kumpiga makelele. Twamngoja kidogo aseme, kama tulivyongojewa sisi.