Simu ya Guangzhou kwenye foleni ya Kigongo

Mwaka 2016 Kigongo ilikuwa bado mahali pa kusubiri. Basi la Sengerema, Geita au Bukoba likifika, linaingia kwenye foleni, abiria wanashuka na kutawanyika kwenye mabanda ya sato wa kukaanga, mahindi ya kuchoma na vocha, mpaka kivuko kirudi kutoka Busisi, ng'ambo. Siku mbaya ungekaa hata saa mbili. Mama alikuwa na mgahawa wake hapo, nami nilikuwa nikiosha vyombo na kupokea hela.

Usiku wa kuamkia Juni 17 mwaka huo, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu feki nchi nzima. Matangazo tulikuwa tumeyasikia sana redioni: bonyeza *#06#, zitatokea tarakimu 15, zitume kwenda 15090, utajibiwa kama simu yako ni halali au la. Wengi pale gatini walidhani ni vitisho tu. Simu ya mama ilikuwa mojawapo ya zile zilizoitwa za Mchina, laini mbili, antena ya televisheni, spika inayosikika mpaka kwenye maegesho. Kulipokucha ilikuwa bado inapiga muziki vizuri tu, ila mtandao hakuna. Siku kadhaa mama akaitumia kama redio, huku akinung'unika.

Ndipo akaja kaka, mtoto wa baba mkubwa, aliyekuwa akifuata viatu Guangzhou. Alikuwa anawahi mzigo Sengerema. "Mama mdogo, hii ni halali, nimeikagua mwenyewe," akasema, akamkabidhi boksi. Kivuko kikapiga honi, akatimua mbio.

Chaja ilikuwa na pini mbili bapa, na soketi yetu ni ya matundu matatu ya mstatili. Ikabidi kwanza itafutwe adapta. Simu ilipowaka, maandishi yote yalikuwa ya Kichina. Saa nayo ilikuwa ya Beijing, saa tano mbele yetu: jua la saa kumi jioni linachoma mabati, simu inasema ni saa tatu usiku. Mama akaitazama, akairudisha kwenye boksi.

Aliyeitoa ni kijana wa vocha, yule wa chini ya mwavuli. Hakujua Kichina hata kidogo, ila alijua alama. Akatafuta ile ya gurudumu lenye meno, akaingia, akashuka polepole, akifungua na kurudi, kidole kikienda kana kwamba kinapapasa gizani, hadi akaikuta orodha ya lugha. Kila lugha huandikwa kwa jina lake lenyewe, hivyo neno English lilionekana bila shida. Kiswahili hakikuwemo. "Mayu, hii ni ya soko la kwao," akamwambia mama. Kisha akatoa kikatio chake, akaipunguza laini ya mama kwa mbano mmoja, akaipuliza, akaipachika. Mtandao ukashika, na *#06# ikatoa namba ileile iliyokuwa kwenye boksi. Intaneti ilikataa mpaka alipoingiza mipangilio ya kampuni ya laini kwa mkono, herufi moja moja, akiisoma kutoka kwenye simu yake.

Likabaki tatizo kubwa. Simu za soko la ndani la China huuzwa bila duka la programu la Google, kwa hiyo hatukujua pa kuitoa WhatsApp. Hapo foleni ikawa na faida yake. Konda mmoja wa basi la Geita alikuwa na Xender, programu ya kurushiana mafaili. Akairusha WhatsApp kutoka simu yake bila kutumia bando, wateja wakiwa wamesimama na sahani mkononi wanashuhudia. Msichana mmoja aliyekuwa anasafiri na mzee wake akaturushia kibodi nyingine, akasema ile iliyokuja na simu itatusumbua. Hatukuwahi kuwaona tena, hata majina hatukuuliza. Nasema bila kusita: duka lolote la mjini lingetutoza kwa kazi ile.

Menyu za Kiingereza hazikumzuia mama. Alionyeshwa alama ya maikrofoni, akaibonyeza, akamwamkia dada aliyeko Geita kwa Kisukuma, salamu ndefu kwelikweli, kisha akauliza bei ya mchele. Jibu lilirudi kivuko kikiwa bado kinapakia. Tangu siku hiyo mchele wake aliuagiza hivyo.

Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, 2025, na gari sasa linavuka kwa dakika chache bila kumngoja mtu. Foleni ya kukusaidia haipo tena, kwa hiyo kama ndugu yako anakuletea simu kutoka nje, mwambie kabla hajalipa abonyeze *#06#, alinganishe namba na iliyo kwenye boksi, kisha aulize kama ni ya soko la kwao.