Bustani ya Mama Kipupwe Kinapoingia

Wasomaji wenzangu waliosoma katika shule za misheni watakumbuka picha zile za vitabu vya Kiingereza: mti umepukutika, njia imefunikwa na majani mekundu, na mzee aliyevaa koti zito anayakusanya kwa reki. Tulifundishwa kwamba hayo ndiyo majira yanayotangulia baridi, na kwamba mwaka una majira manne. Tuliandika hivyo katika mtihani tukapewa alama zetu. Lakini tuliporudi nyumbani Kibarani, karibu na mji wa Kilifi, hapakuwa na mti uliolifuata somo hilo ila mkungu, ambao majani yake hugeuka mekundu kabla ya kuanguka. Nao hufanya hivyo kwa sababu ya ukavu, wala haujui habari za theluji.

Hata hivyo si kweli kwamba sisi hatuna majira ya kugeuka. Tunayo, nayo huja mwezi wa Juni. Mvua kubwa za masika, ambazo watu wa pwani yetu huziita mwaka, huanza mwisho wa Machi au mwezi wa Aprili, na Mei ndio mwezi wa mvua nyingi kuliko yote. Zikisha kupungua, upepo wa kusi hushika nguvu, wavuvi wenye vyombo vidogo hukaa pwani wakishona nyavu, na usiku mtu hutafuta shuka ya pili. Hiki ndicho kipupwe. Kule Malindi joto la mchana, ambalo mwezi wa Machi hufika digrii 32 hivi, mwezi wa Julai hushuka hadi karibu 28. Mtu wa Limuru atacheka akisikia tukiita hiyo baridi. Na acheke, mama yangu huvaa sweta.

Ni bustani ya mama huyo ninayotaka kuieleza. Mimi ni karani wa serikali, na siku tano za juma hukaa na mafaili, lakini chakula cha nyumba yetu hakitoki katika mshahara peke yake. Bustani yenyewe si kubwa: minazi michache, mwembe mmoja mkongwe, mikorosho miwili, mihogo nyuma ya nyumba, mahindi mbele, na kunde katikati ya mahindi. Karibu na jiko kuna mchicha, mnavu na mabamia. Mgeni akiitazama mwezi wa Mei atasema kwamba watu hawa hawawezi kuona njaa. Aje tena mwezi wa Septemba.

Kwa maoni yangu, watu husifu sana siku ya kupanda, na hali jambo lenyewe huamuliwa katika majuma yale machache ya kuingia kipupwe. Mvua ya vuli haitarajiwi kabla ya Oktoba, na mahindi yatakayopandwa kwa mvua hiyo hayatakuwa makavu mpaka mwaka mpya umekwisha kuingia. Basi kinachovunwa Julai na Agosti ndicho cha kuivusha nyumba. Ubaya ni kwamba kipupwe si kikavu. Hunyesha mchoo, mvua nyepesi ya miezi hiyo hiyo, ambayo ni rehema kwa kunde na mchicha, lakini ni adui wa hindi lililokwisha kukomaa.

Jambo hili si la mchezo. Mahindi yakitiwa guniani na unyevu wake huota ukungu, na katika ukungu huo upo ule unaotoa sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa sumu hiyo, wengi wao Ukambani, na mahindi yaliyowaua yalikuwa zaidi yale waliyolima wenyewe na kuyaweka kabla hayajakauka. Walikufa kwa chakula cha nyumbani mwao.

Mama huyatundika mahindi yake, yakiwa na maganda, katika uchaga ulio juu ya meko, ambao sisi Wagiriama tunauita lutsaga. Moshi huyakausha na kumfukuza fukusi. Ni akili ya zamani, nami siidharau. Lakini moshi haumtoshi dumuzi, mdudu yule aliyetoka Amerika akaonekana Afrika ya Mashariki mapema katika miaka ya 1980. Yeye hula hindi likabaki unga. Tena lutsaga haienei mavuno yote. Yanayobaki hupukuchuliwa na kuanikwa, na hapo ndipo mimi na mama tunapobishana kila mwaka.

Mimi hutumia chupa. Unatwaa chupa kavu, unatia punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, unaitikisa vizuri kisha unaiacha itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi bado yana maji mengi. Isipogandama, yamefikia kiasi cha kuwekwa. Mama yeye huuma punje.

“Mwanangu,” aliniambia Julai iliyopita, “jino hili limepima mahindi kabla chupa yako haijatengenezwa.”

“Ni kweli, mama,” nikamjibu, “lakini jino lapima punje moja, na gunia lina punje ngapi?”

Akanyamaza, akachota mahindi ya chini kabisa ya turubai, yale yaliyokuwa yakigusana na ardhi, akanipa niyatie katika chupa. Chumvi iligandama. Tulianika siku tatu zaidi, tukikimbilia turubai kila wingu lilipotokea upande wa bahari. Yale ya juu jino lake lilikuwa limeyapima sawasawa.

Kuhusu miti sina mengi. Ubaridi wa usiku huusaidia mwembe kutoa maua, na mvua ikizidi maua hayo huharibika kwa ukungu. Mnazi hauna majira. Nazi hukaa kama mwaka mzima tangu ua hata kukomaa, kwa hiyo ukame wa leo utauona mtini mwakani, ulipokwisha kuusahau.

Ugomvi wetu mkubwa ni mihogo. Muhogo ni ghala lililo chini ya ardhi, na nyumba yetu iliujua uzito wake kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano iliyofuatana, mvua ziliposhindwa katika sehemu kubwa ya Kenya, Kilifi ikiwamo. Tulikula mihogo, na hata ile mitamu ilianza kuwa michungu kwa ukame. Aina yetu ni Kibandameno, iliyopandwa na marehemu baba, laini ikichemshwa kuliko yote niliyopata kuonja. Lakini Kibandameno haistahimili batobato wala michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu wa pili ulielezwa kwanza na mtaalamu H. H. Storey wa Amani, Tanganyika, mwaka 1936; hila yake ni kwamba shina huweza kusimama zuri na ndani mzizi umeoza. Kipupwe tunapoanza kuchimba ndipo tunapojua.

Mashina yaliyotoa mizizi mibovu tuliyachoma. Mimi nataka tung'oe yote tupande mbegu zilizotolewa na kituo cha utafiti cha Mtwapa, kama Tajirika na Shibe. Mama ataka kubakiza safu ya karibu na jiko. Nimemweleza kwamba inzi weupe hawajui mpaka wa safu, watauchukua ugonjwa kutoka kwa mkongwe kuupeleka kwa mgeni. Amesikia, wala hakubisha. Ameniuliza tu kama Tajirika huiva kwa kuchemshwa mara moja, nami sikuwa na jibu, kwa kuwa sijaila. Tumekubaliana kwamba nitaleta vipande vichache tuvipande mbali, upande wa mikorosho, mvua ya vuli itakapoanza, na kwamba safu ya jikoni itachimbwa shina moja moja kila juma. Hata sasa yamekwisha chimbwa mashina manne. Matatu yalikuwa meupe ndani.