Nondo Havai Sare

Wazazi wenzangu wa kambini, juzi nilimsomea binti yangu kitabu cha picha za nondo wa Manchester, Uingereza. Moshi wa viwanda uliyatia masizi magome ya miti. Nondo weusi, walioonekana huko mwaka 1848, wakaongezeka hata kufikia 1895 weupe wakawa adimu.

"Baba, walivaa sare kama yako ya mabaka?"

Nikajibu ndiyo. Usiku nikaona haya.

Asubuhi nilitawanya vipande vya karatasi, vyeusi na vyeupe, juu ya kitako cha sufuria chenye masizi; yeye akawa ndege. Aliokota vyeupe.

"Hakuna aliyebadili rangi," nikamwambia. "Walioliwa hawakuzaa, weusi waliosalia walizaa weusi."

Akanyamaza, kisha akauliza iwapo ndege naye alikuwa na watoto wa kulisha.